Filimbi Moja Ndefu

Miongoni mwa kanuni ambazo waokoaji wa mataifa mengi wamekubaliana kuzifuata penye jengo lililoporomoka, ziko ishara tatu za filimbi au honi, na kila avaaye kofia ngumu sharti azijue kabla hajakanyaga kifusi. Milio mitatu mifupi maana yake ni tokeni, mahali hapa si salama. Mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mmoja mfupi maana yake ni rejeeni kazini. Na mlio mmoja mrefu peke yake, wa muda wa sekunde tatu, maana yake ni simamisheni kazi na mnyamaze. Hii ya tatu ndiyo iliyonishika, kwa kuwa ni jambo la ajabu kwamba watu ambao kazi yao ni kushindana na saa, ambao kila dakika kwao ni roho ya mtu, wamewekeana sheria ya kuacha kazi. Mtambo wa kuinulia zege huzimwa, jenereta huzimwa, nyundo huwekwa chini, aliyekuwa akizungumza hukatiza neno lake, na mmoja wao hulala kifudifudi juu ya vumbi, akatega sikio penye ufa, akaita, kisha akangoja.

Mimi ni Mkristo, nimesali tangu sijajua kusoma, na nimesikia mahubiri mengi juu ya kumsikiliza Mungu, mengine yenye hekima na mengine matupu. Walakini sikumbuki kupewa mfano wa kusikiliza uliotimia kama huu wa mtu aliyelala juu ya zege. Yeye hasikilizi ili afarijike, wala hasikilizi ili apate la kusimulia. Anasikiliza hali akijua kwamba akisikia chochote itamlazimu kuinuka. Sisi aghalabu humwomba Mungu aseme nasi ilhali tumekwisha kuazimia tutakalolifanya, nasi twataka kibali tu, tena upesi, kabla ya chakula cha mchana.

Kisa cha nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme hutajwa kila palipo na mazungumzo ya kunyamaza mbele za Mungu, nacho kinastahili kutajwa. Mtu yule, aliyekuwa ameshinda hadharani juu ya mlima Karmeli, alimkimbia malkia Yezebeli mpaka jangwani, akatamani kufa, akalishwa, akaenda siku arobaini hata akafika Horebu, akalala pangoni. Ukaja upepo uliopasua majabali, baada yake tetemeko la nchi, na baada ya tetemeko, moto. Wala katika hayo matatu nabii hakumkuta Yule aliyekuwa akimtafuta. Kisha kikaja kitu kidogo mno, mfano wa mnong'ono, na hapo Eliya akajifunika uso kwa vazi lake. Wahubiri wetu hupenda kuishia hapo, penye utulivu, kana kwamba mnong'ono ule ulikuja kumbembeleza. Lakini kisa hakiishii hapo. Sauti ilimuuliza anafanya nini pangoni, ikasikiliza malalamiko yake, kisha ikamrudisha njia ile ile aliyojia akiwa na kazi tatu mkononi, mojawapo ikiwa ni kumtia mafuta Elisha ashike nafasi yake. Alichoambulia Horebu ni safari ya kurudi kwa watu.

Upepo, tetemeko na moto: mambo hayo matatu yaliufikia mji wa Nairobi kwa mkupuo mmoja siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu ya asubuhi ilipokuwa imepita kidogo. Gari lililosheheni baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, si mbali na stesheni ya reli. Kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mdogo, wa guruneti, na watu waliokuwa maofisini, kwa ile hulka ya kibinadamu ya kutaka kujua kuna nini, wakasogea madirishani. Hivyo vioo vilipopasuka viliwakuta nyuso zao zimevielekea, na wengi wakapofuka macho siku ile. Jumba la Ufundi lililokuwa kando ya ubalozi likaanguka lote, sakafu juu ya sakafu. Watu 213 walipoteza maisha katika mji ule, walio wengi sana wakiwa Wakenya waliokwenda kutafuta riziki, na kwa tofauti ya dakika chache bomu jingine likaua watu 11 Dar es Salaam.

Waliofika kwanza hawakuwa na sare. Walikuwa makarani, wachuuzi, wapiga viatu rangi, makondakta na madereva wa matatu ambao walishusha abiria wao wazima wakapakia majeruhi, wakawakimbiza Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta viti vikilowa damu, pasipo kuuliza nauli ya nani. Walifukua kwa mikono mitupu. Baadaye wakajipanga foleni wakatoa damu yao kwa watu wasiowajua kwa jina wala kabila, katika nchi ambayo wakati ule, kama nyakati nyingine, kabila lilikuwa swali lililotangulia salamu. Nasema bila kusita kwamba ile ilikuwa ibada, hata kwa yule ambaye hakuwa amekanyaga kanisa wala msikiti tangu kuzaliwa kwake.

Hata hivyo upendo pekee haukutosha, na hapa ndipo penye funzo ambalo sisi watu wa dini hatupendi kulisikia. Umati uliopanda juu ya kifusi kwa nia njema uliongeza uzito juu ya waliofukiwa, na makelele ya waliotaka kusaidia yalizifunika sauti za waliotaka kusaidiwa. Walipowasili waokoaji kutoka Israeli na mbwa wao wa kunusa, na wengine kutoka Ufaransa na Marekani, walileta vyombo, ni kweli, lakini pamoja na vyombo walileta nidhamu: kupunguza watu, kugawa kifusi mafungu, kuita kwa zamu, na kunyamaza.

Katika ukimya huo ilisikika sauti ya mama mmoja, mfanyakazi aliyenaswa chini ya Jumba la Ufundi. Aliitikia alipoitwa. Yeye na mwanamume mmoja aliyekuwa amefukiwa karibu naye walizungumza gizani, wakatiana moyo, hata mwanamume akatolewa akiwa hai. Naye mama akaendelea kuongea na waokoaji, na nchi nzima, iliyokuwa ikifuatilia redioni, ikashika pumzi kwa ajili yake. Walichimba usiku na mchana. Sauti ikapungua, ikawa ya kubahatisha, ikakoma. Na walipomfikia baada ya siku kadhaa alikuwa amekwisha kufariki.

Nimemfikiri mama huyu mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza, na sitaki kumgeuza kuwa mfano wa somo. Wako waliosema baada ya msiba ule kwamba Mungu alikuwa na makusudi yake, wakayataja makusudi hayo moja moja kama watu waliohudhuria baraza lake. Mimi nawaonea shaka wote wanaosikia ufafanuzi upesi namna hiyo mahali ambapo waokoaji, wenye masikio makali kuliko yao, walisikia mtu akiomba maji. Ninalolijua ni hili tu, kwamba kwa siku zile mama yule hakuwa peke yake. Aliita akasikika, akaulizwa hali akajibu, na wageni waliotoka nchi za mbali walipasuka mikono kwa ajili ya kumfikia. Kama kuna mtu anayeniuliza Mungu alikuwa wapi, simpi jibu la kitabu. Ningemwonyesha yule aliyelala juu ya ufa akijibu kila neno la mwanamke asiyemwona, ningemwomba aanze kutazama hapo.

Tena lipo jambo la ukimya ambalo waokoaji wanalijua kuliko wanateolojia. Mtu wa kawaida akiita mara tatu asiitikiwe, hukata shauri kwamba hakuna mtu. Mwokoaji hakati shauri hilo. Niliwahi kuzungumza na askari mmoja wa zimamoto katika kituo ambacho jina lake si la lazima, jioni moja iliyokuwa na shwari, mipira ya maji imetandazwa uani ikauke na mabuti yamepangwa ukutani, suruali za kazi zimekunjwa juu yake hata mtu aweze kutumbukiza miguu akavuta juu na kukimbia. Nikamuuliza, "Afande, mnaita, mnanyamaza, hamsikii kitu. Mwafanyaje?"

Akacheka kidogo. "Mzee, mtu aliye chini hapigi kelele kila saa. Hulala, huzimia, hukaukwa koo. Anaweza kuwa anagonga kwa kokoto na sisi hatusikii. Tunatia alama, tunahamia pengine, tunarudi. Hujasikia leo si kwamba hayupo."

"Na mkirudi bado kimya?"

"Tunaita tena, mzee."

Hakuwa akizungumza habari za dini, wala sikumwuliza anasali wapi. Lakini niliondoka nikiwaza kwamba katika miaka yangu mikavu, nilipoomba pasi na jibu nikakaribia kusema moyoni kwamba hakuna anayesikia, sikuwa na subira hata robo ya subira ya askari yule. Nami nilikuwa nimeketi kitini, yeye huifanya kazi hiyo chini ya dari inayotaka kuanguka.

Kisa kingine cha Biblia kinanijia hapa, cha kijana Samweli huko Shilo, aliyelala hekaluni akasikia akiitwa usiku. Mara tatu aliamka akamwendea kuhani Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akidhani ni yeye aliyemwita. Na mara mbili za mwanzo mzee akamrudisha kulala, asitambue. Watoto wa shule ya Jumapili hucheka kwa kosa hili la Samweli. Mimi kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuona kwamba halikuwa kosa la kuchekwa, maana kijana aliyeitwa na Mungu alidhani ameitwa na mtu asiyejiweza, akaacha mkeka wake wenye joto, akaenda mbio, tena akaenda, tena akaenda. Angekuwa mvivu wa kumwinukia kipofu, nachelea asingekuwapo macho wa kuitikia ile mara ya nne. Muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa gari la wagonjwa, kijana wa Msalaba Mwekundu mwenye mkoba begani, askari wa zimamoto anayetumbukiza miguu katika mabuti yale saa nane za usiku: hawa wote ni akina Samweli, ambao huenda wamekwisha kumwitikia Mungu mara nyingi wakidhani wanamwitikia jirani.

Pwani yetu inalo jambo la kushuhudia juu ya hili. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali panapoitwa Kengeleni, imesimama hata leo kengele ya Frere Town, kijiji walichokianzisha wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ile ilitundikwa iwaonye wakazi pale maadui walipotokea, kwa kuwa wenye biashara ile ovu hawakuridhia kupokonywa mali waliyoiita yao. Mtu aliyekwisha kutekwa mara moja, akauzwa, akaokolewa baharini, alikuwa akilala usingizi wake chini ya ulinzi wa chuma kile. Nacho kilipolia hakikusema nani aokolewe na nani aachwe. Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kabla ya simu na ving'ora kila kabila la nchi hizi lilikuwa na yowe lake, ambalo kwa Wasukuma huitwa mwano. Yowe likipigwa, mwanamume aliyebaki ndani kwake alikuwa na deni la kueleza asubuhi. Siku hizi yowe likipigwa wengi hufika, tena upesi, lakini wamenyoosha simu juu wanapiga picha, na mwokoaji inampasa kwanza awapenye hao ndipo amfikie mgonjwa.

Makanisa yetu nayo yamekuwa na kelele. Nasema hivi kwa heshima, maana nampenda mwimbaji mwenye sauti na ngoma iliyowambwa vizuri, na furaha ya watu wa Mungu haina haja ya kuomba ruhusa. Lakini vipaza sauti vinne vilivyoelekezwa kwenye chumba kinachotosha watu hamsini sijui vinamwita nani aliye mbali. Nimehudhuria ibada za saa tatu ambamo hapakuwa na dakika moja ambayo Mungu, kama angetaka kusema, angepata nafasi. Ningependa siku moja mchungaji apige filimbi moja ndefu, kinanda kinyamaze, nasi tukae tusikilize mpaka mtu asikie kikohozi cha jirani yake wa benchi na kukumbuka kwamba hajamwona wiki tatu.

Kisha tufikie habari ya shukrani. Katika ushuhuda wetu huwa twasema kwamba Mungu ameniokoa na ajali, na ni haki kusema hivyo, na bahasha ya sadaka ya shukrani hupelekwa madhabahuni; ila katika masimulizi hayo yule aliyekata mlango wa gari kwa mashine, akamfunga mtu shingo isitikisike, akamshika mkono njia nzima mpaka hospitali, hutoweka kama aliyekuwa malaika asiye na nyumba wala kodi ya kulipa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipotumbukia katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 wakafariki, wakiwamo marubani wote wawili. Kijana mmoja miongoni mwa wavuvi wale, Majaliwa Jackson, alijulikana Tanzania nzima, akatuzwa fedha, na serikali ikaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jambo jema, nami nililifurahia. Lakini mtumbwi haukuwa mmoja. Wenzake wengi walirudi kwenye nyavu zao, na sijui kama yuko aliyekwenda mwaloni kuwauliza wanalala vipi.

Suala la kulala ni zito kuliko tunavyodhani. Tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, miongoni mwa waliofukiwa chini walikuwamo waliowasiliana kwa simu na watu walio nje, na katika siku zilizofuata watu zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Yule mwenye sikio la kusikia waliookolewa ndiye huyo huyo aliyewasikia ambao hawakufikiwa; sikio halichagui. Tunampa hati yenye fremu, tunapiga naye picha, kisha tunamrudisha nyumbani na sauti zile. Injili ya Luka inasimulia habari ya wenye ukoma kumi walioponywa, ambao kati yao alirudi mmoja tu kutoa shukrani, naye alikuwa Msamaria. Nimesikia kisa hicho kikihubiriwa kila mara kwa ajili ya sadaka, na sijasikia kikihubiriwa kwa ajili ya askari wa zimamoto. Naona si haki.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wenzangu, hususan wale wenye sauti katika baraza za makanisa. Kituo cha zimamoto cha wilaya yenu kina mkuu wake na vijana wake. Wajueni kwa majina, waombeeni kwa majina hayo siku ya Jumapili, na wazee wawili wa kanisa waende kuwatembelea siku ambayo hakuna moto, wakae, wawasikilize bila kuwahubiria. Mwenye elimu ya ushauri nasaha miongoni mwenu awape saa zake. Mwenye kiti katika halmashauri aulize gari lao lina maji na mafuta au limeegeshwa tu. Namba yao Tanzania ni 114, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ziandikeni mahali zinapoonekana, wafundisheni watoto kwamba si za kuchezea, na king'ora kikilia nyuma yenu barabarani, pisheni.